Mtani Wangu Alinichekesha Mpaka Saratani Ikafika Mifupani

Nina miaka hamsini na saba, mke mmoja, watoto wanne, na mfuko wa plastiki uliofungwa mguuni unaopokea mkojo wangu. Ninaishi Mabatini, hapa Mwanza. Nawaambieni mapema, ndugu wasomaji, sikuja kuwaonyesha moyo wa kusamehe. Anayetafuta habari za kusamehe aruke ukurasa huu.

Kwa miaka kumi na tisa nilifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya samaki kule Nyakato, upande wa chumba cha baridi. Zamu yetu tulikuwa mimi na Kondo. Yeye ni Mzaramo wa Kisarawe, mimi Msukuma wa Magu, kwa hiyo ni watani. Wanaojua utani wanajua. Mtani anakutania mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kununa. Baba yangu alipofariki, Kondo alisafiri na sisi mpaka Magu, akashuka kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Nilikuwa nalia, nikajikuta nacheka. Nilimpenda mtu yule... Mungu anajua nilimpenda.

Matatizo yangu yalianza na mkojo. Kila baada ya muda mfupi natoka chumba cha baridi nakimbilia chooni, na nikifika unatoka kidogo, unakatika, unaanza tena. Kondo akanibatiza jina, Bomba Bovu, na kiwanda kizima kikalidaka. Alisema ni baridi tu ya kazini, kila anayekaa humo inamkuta. Nikaamini. Nani asingeamini, wakati humo ndani hata pumzi yako unaiona?

Basi nikajitibu kwa akili zangu. Nikaacha kunywa maji. Toka asubuhi mpaka zamu inaisha, hata tone. Jioni nafidia kwa bia tatu nne na nguruwe wa kiti moto, najiambia mwanaume aliyeshinda kwenye barafu lazima achemshe damu. Mke wangu Nyanzobe alikuwa ananiuliza kwa upole kama siumwi. Nikamjibu kwamba mkojo wangu haumhusu. Ndivyo nilivyomjibu mama wa watoto wangu.

Kisha wakaja wahudumu wa afya. Walitukusanya wanaume kantini, wakatueleza habari za presha, kisukari na tezi dume. Walisema mwanaume akifika hamsini akapime hata kama hasikii maumivu yoyote, na mwenye baba au kaka aliyeugua aanze mapema zaidi. Wakagawa karatasi za kwenda kupima bure. Nilichukua ya kwangu. Nilikuwa nimeamua kwenda, naapa.

Kondo akasimama. Akauliza kama ni kweli daktari anaingiza kidole, na kabla hajajibiwa akanigeukia.

"Jamani, huyu Msukuma akishaingizwa kidole, ameolewa. Twendeni kwa daktari tukadai ng'ombe wa mahari."

Kantini nzima ilivunjika mbavu. Mhudumu alijaribu kusema kwamba mara nyingi wanaanza na damu tu, sindano moja ya mkononi, lakini nani alikuwa anamsikia? Na mimi nilicheka. Hapo ndipo pananiuma mpaka leo. Nilicheka kuliko wote ili wasijue kwamba naumwa, na ile karatasi nikaitumbukiza ndani ya gambuti langu, ikalowana. Hakuna aliyekwenda kupima. Hata mmoja.

Ikapita miaka miwili. Kiuno kikaanza kuuma, nikanunua dawa za maumivu. Suruali zikanipwaya, nikatoboa mkanda tundu jingine, halafu jingine. Nikaona damu kwenye mkojo, nikanyamaza... Siku moja kazini mkojo ukagoma kabisa. Tumbo likavimba chini ya kitovu, nikaanguka kati ya makreti ya sangara, nalia kama mtoto. Walionibeba ni wale wale waliocheka.

Hospitali wakaniwekea mpira wa mkojo, wakanipima. Saratani ya tezi dume, na ilishafika kwenye mifupa ya mgongo. Daktari alikuwa kijana wa umri wa mwanangu. Aliniamkia kwanza, shikamoo mzee, ndipo akaniambia. Kuuondoa ugonjwa wote haiwezekani tena, watauzuia kwa dawa na sindano kadiri watakavyoweza. Akaniuliza dalili zilianza lini. Nilipomwambia, akainama akaandika bila kunitazama. Sindano hizo zimeondoka na uanaume wangu, ule ule niliokuwa naulinda kwa kukataa kupimwa. Nasema wazi, sioni haya tena.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike.

Mwezi wangu wa tatu wa kliniki nimekaa kwenye benchi, namwona Kondo anaingia. Nikafurahi, nikajua amekuja kunijulia hali. Nesi akamwita kwa jina.

"Mzee Kondo, leo umechelewa. Lete faili."

Faili lenyewe limechakaa pembe zote, limejaa karatasi. Mtu hapati faili la namna hiyo kwa wiki moja.

Nilimuuliza pale pale. Akakaa kando yangu, akasema. Ugonjwa ulikuwa ule ule wangu. Alipimwa miezi michache kabla ya wale wahudumu kuja kiwandani. Ile likizo aliyotuambia anakwenda Kisarawe kumuuguza mama yake, alikuwa amelazwa hapa hapa Mwanza anafanyiwa upasuaji. Wake uliwahiwa. Amepona, anakuja kuangaliwa tu. Siku ile kantini alisimama kunicheka huku kidonda chake hakijapona vizuri, ili asihisiwe. Alijua kila dalili yangu, maana alishaipitia... na akaniambia ni baridi.

Akanishika mkono. "Mtani, nisitiri."

Nikamwambia nimemsikia. Sikumwambia nitamsitiri.

Nilingoja miezi saba. Kondo alikuwa anastaafu, na sherehe ya kumuaga ikawekwa kantini ile ile. Hakuwa na njia ya kuninyima nafasi ya kusema, mtani hanyimwi maiki. Nilianza kwa utani wa kawaida. Watu wakacheka, mke wake akacheka, wanawe wawili wakubwa wakacheka. Nikasema leo nimekuja kudai mahari, kwa sababu Kondo aliolewa na daktari kabla yangu na hakutualika. Wakazidi kucheka. Ndipo nikataja mwezi aliopimwa, nikataja na mwezi aliosimama pale pale kunicheka. Nikaweka mguu juu ya kiti, nikapandisha suruali, kila mtu akauona mfuko wangu.

Kicheko kilikatika. Kondo alijifunika uso kwa mikono. Mwanawe mkubwa akamuuliza kwa sauti ndogo, "Baba, ni kweli? Na sisi wanao hukutuambia?"

Je, nilifurahi? Nilifurahi sana. Nilirudi nyumbani nikala ugali wote, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miezi. Nyanzobe hakufurahi. Alisema nimemvua nguo mgonjwa mwenzangu, tena ile karatasi haikuloweshwa na Kondo, niliilowesha mwenyewe. Ni kweli.

Wiki iliyofuata wanaume sita wa kiwandani walikwenda kupima, na wana wa Kondo nao wakaenda. Mmoja wa wale sita amekutwa na saratani, bado changa. Ataishi, na ameniletea sato wawili wa kunishukuru.

Wanaume wenzangu, kunyweni maji. Punguzeni bia na minyama ya mafuta, tembeeni kidogo. Mkeo akikuuliza habari za mkojo wako, mjibu. Ukifika hamsini nenda kapime, usingoje kuumwa kama mimi. Na ukiona mtu anakicheka kipimo kupita kiasi, muulize yeye alipimwa lini.

Kondo hajanipigia simu mpaka leo. Lakini najua nikifa atakuja, utani haumruhusu kukosa. Nimeshamwachia Nyanzobe maagizo. Kondo asizuiwe. Ashuke kaburini kabla ya jeneza langu, alale chali kama alivyofanya kwa baba. Ila safari hii asidai jogoo. Asitoke humo mpaka awaambie waombolezaji wote kwamba alijua.