Mkono Ulioitikia Mashine

Mashine ililia kabla chuma hakijaingia. Yolande alikuwa amekanyaga pedali, beringi bado iko kwenye koleo mkononi mwake, na sindano ya mita ikapanda kana kwamba kuna kitu ndani ya koili. Hamkuwa na kitu. Aliyekuwa karibu ni mumewe tu, Bavon, aliyeegemea meza, kiwiko chake kikigusa lile bomba la shaba lililosokotwa. Alipojiondoa, sindano ikashuka.

Tuseme ukweli, mwanamke mwingine angelaumu umeme wa Kisangani, na nani angembishia? Yolande hakulaumu umeme. Miaka minne alikuwa anafanya kazi karakana ya Papa Télesphore, karibu na bandari, akipasha beringi za injini za mashua ili zitanuke na kuingia kwenye mihimili yake. Mashine ile aliijua kuliko sufuria zake. Mzee alimfundisha siku ya kwanza.

"Ona, mwana yangu. Courant ya umeme inapita mu bomba ya shaba, inageuka-geuka mbio sana. Nguvu ya sumaku nayo inageuka, inaamsha courant ingine ndani ya chuma. Chuma inaikatalia njia, donc inapata moto yeye mwenyewe, toka ndani. Lakini mukono yako? Toa pete, weka tu. Nyama haisikie kitu."

Basi mkono wa Bavon ulikuwa na nini? Pete ya ndoa ilikwenda na maji wiki tatu zilizopita, alipoteleza kwenye miti ya mitego ya samaki pale maporomokoni. Ndugu zake Wagenya, wavuvi wa pale, walimtafuta siku nane. Siku ya tisa akashuka mwenyewe kwenye mashua iliyotoka Yangambi, hana hata mkwaruzo, na mtaa mzima ukaimba kanisani. Yolande aliimba kuliko wote. Lakini tangu siku hiyo mwanamume huyo hatoki jasho, na shuka lake linanuka msumari uliolala mvuani. Jirani yake Fatouma alimvuta pembeni akanong'ona, "Ile haiko Bavon. Sisi tunaita jini." Yolande akamfukuza kwa matusi, kisha akalia, maana na yeye alikuwa amewaza hivyo hivyo.

Sasa akajipa sababu ya mwisho, akamwita mumewe kwa jina la binti yao. "Papa Jemima, ku Yangambi docteur hakukutia chuma mu mukono? Pengine mufupa ulivunjika?"

"Hapana. Hata mutu moja hakunigusa." Akatabasamu. "Kesho nitamupeleka Jemima ku machute, pale mayi inaanguka. Ameniomba aone mayi karibu."

Jemima alikuwa na miaka sita na aliogopa hata beseni la kuogea. Yolande akaitazama koili, akawaza kuujaribu mkono ule humo. Kama huyu ni mumewe, na kuna chuma ndani ya mfupa asichokijua mwenyewe, atamchoma mkono awe kilema maisha yake yote. Kama siye, kesho mtoto anakwenda mtoni naye.

Akajikaza kisabuni. "Kuna kijiti imeanguka mule mu koili. Uitoe basi, miye niko na gants kubwa mu mikono."

Bavon akaingiza mkono bila kusita, na Yolande akakanyaga pedali, na mashine ikalia kwa sauti nzito ambayo hajawahi kuisikia hata kwa beringi kubwa kuliko zote, na vile vidole vikaanza kuwa vyekundu kuanzia ndani, kwanza kwa unyonge, kisha kwa ukali, na wala hapakunuka nyama inayoungua, palinuka tope la chini kabisa ya mto na chuma cha kufuliwa, na yeye hakulia wala hakuutoa mkono, aliutazama tu, kisha akamtazama mkewe, akamwita kwa jina ambalo Bavon hakuwa amelitamka tangu mtoto wao azaliwe.

"Zima, Yolande," akasema polepole. "Mimi nikiwaka, ule wa chini ya mayi anazimika. Iko hai. Niko namupumulia."

Mwongo! Yolande akajiambia. Jini aseme nini kingine? Akilini akamwona Jemima ameshikwa mkono ule kando ya maji, akaiegemea pedali kwa uzito wake wote. Kitu kile kikapiga ukelele wa chuma cha moto kinachotumbukizwa majini. Mvuke ukajaa chumba. Ulipoisha, chini palikuwa na shati na unga wa kutu.

Papa Télesphore alikuja mbio na ndoo ya mchanga, akaona, akapiga ishara ya msalaba. Ilimbidi aukate umeme mwenyewe, kwa sababu Yolande hakuweza kuondoa mguu. "Jemima iko salama, papa," alirudia. "Jemima iko salama." Mzee akamkalisha, akampa maji.

Saa moja haijapita, wavuvi wakaingia uani na machela ya miti. Mbele alikuwa Jephté, mdogo wake Bavon, amelowa hadi shingoni, analia waziwazi. Walikuwa wameinua kikapu cha mtego kilichonaswa kati ya mawe, na mtu ndani yake. Aliyelala machelani alikuwa na sura ya Bavon, na pete ya ndoa kidoleni.

Papa Télesphore akaingiza mkono chini ya shati lililolowa, kifuani, akauacha hapo.

"Iko na joto bado," akasema.

"Tuliona pumzi yake inatoka juu ya mayi, shemeji," Jephté akamwambia Yolande. "Mapovu, mengi. Tukasema iko hai, tukaanza kuvuta. Halafu yakakatika mara moja. Kama tungepata kadakika kamoja tu, tungemutoa muzima."