Hakuna Ushahidi wa Madhara

Mpembuzi alipoanza kazi, ukumbini mwa Baraza la Dawa mjini Dodoma wajumbe walikuwa wakimiminiwa chai. Pazia la mwanga lilishuka juu ya meza, na ndani yake tafiti za insulini kutoka dunia nzima zikaanza kupepetwa kama mchele kwenye ungo. Mtambo huo ulisoma kila utafiti, ukapima umefanywaje na kwa watu gani, ukatupa makapi na kubakiza punje. Kazi iliyowachukua mabingwa wa zamani miaka mingi, Mpembuzi aliimaliza kabla chai ya wajumbe haijapoa.

"Insulini ya juma inashusha sukari vizuri kuliko insulini ya zamani," ilisema sauti yake tulivu. "Mgonjwa huchomwa sindano mara moja kwa juma badala ya kila siku. Ubora wa ushahidi ni wa juu."

Wajumbe wakapiga makofi. Ilibaki kura tu. Ikipita, insulini ya zamani ingeondolewa katika zahanati zote za umma, na vinyuki-tiba, vile vyombo vidogo vinavyoruka mlango hadi mlango kuchoma watu sindano, vingebeba hiyo mpya peke yake.

Dkt. Raya Kidunda, bingwa wa kisukari kutoka Kondoa, hakupiga makofi. Alikuwa amekunja ngumi chini ya meza.

"Mwenyekiti, na wanaofunga Ramadhani? Mwezi unatazamwa leo hii."

Mwenyekiti, Profesa Gwamaka, akatabasamu, tabasamu la mtu mzima anayemvumilia mtoto. "Swali zuri, daktari. Mpembuzi, upo ushahidi kwamba insulini ya juma inawadhuru wanaofunga?"

"Hakuna ushahidi wa madhara."

"Umesikia mwenyewe."

Alisikia, na hasira zikampanda. Jibu hilohilo walisomewa watu wa Kondoa mwaka jana, dawa ilipotangulizwa kwao, na hakuna aliyerudi kuuliza kilichotokea.

"Mpembuzi," Raya akasema, "katika tafiti zote ulizosoma, ngapi ziliwashirikisha watu waliofunga?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja. Wanaofunga waliondolewa tangu mwanzo, kwa usalama wao."

"Kwa usalama wao!" Raya alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mmesikia, jamani? Waliotengeneza dawa waliogopa kuwajaribia. Sisi tunakwenda kuwachoma, kisha tunasema hakuna ushahidi! Asiyekuwepo na lake halipo, ndiyo sayansi yetu hiyo?"

"Lakini dini yenyewe imemruhusu mgonjwa kula," alisema Dkt. Mhina, aliyeketi mkabala naye.

"Ruhusa anayo, na bado anafunga. Wewe huna shangazi?"

Mhina akaikoroga chai yake, Raya akaendelea.

"Shangazi yangu Zaina alifunga miaka yote kwa insulini ya zamani. Tulikuwa tunaihamisha, dozi kubwa baada ya futari, ndogo sana wakati wa daku. Akijisikia vibaya, kesho yake tunapunguza. Hii yenu ikishaingia mwilini haitoki. Inashusha sukari usiku na mchana, umekula hujala. Kinyuki kilimchoma asubuhi, jioni mwezi ukaandama."

Akakiinua kiti kilichoanguka, lakini hakukikalia.

"Baada ya siku chache, alasiri, alisujudu asiinuke. Wajukuu walimwona. Wakapita kwa kunyata, wakakatazana kelele. Mtoto wetu gani amefundishwa kumgusa mtu aliye kwenye sijda? Walifurahi kwamba bibi anaomba dua ndefu. Adhana ya magharibi ndipo walipokwenda kumwita afuturu."

Raya hakulia. Machozi aliyamaliza mwaka jana.

"Pole sana, daktari," alisema Gwamaka, na huenda alimaanisha. Kisha akaligeukia pazia la mwanga. "Mpembuzi, kisa hiki kina uzito gani?"

"Kisa kimoja hakitoshi kubadili hitimisho."

"Basi, ndugu wajumbe, tupige kura."

Mikono ikanyanyuka. Mhina alinyanyua wake huku ameinamisha macho, kana kwamba macho yakiinama mkono hauonekani. Insulini ya zamani iliondolewa palepale, na wajumbe wakarudia chai yao. Mtambo haukusema uongo hata neno moja, ulijibu ulichoulizwa. Uongo waliutia watu wazima wenye shahada, wakijua.

Raya alitoka hadi ukumbi wa nje akampigia simu Mwasiti, muuguzi wa zahanati ya kwao. Jua lilikuwa limeshazama.

"Mwezi umeandama?"

"Umeandama, daktari, watu wanashangilia. Na vinyuki vilipita asubuhi na ile dawa ya juma, kama kawaida. Wamechomwa wengi."

Raya akafumba macho. "Nenda kwa imamu sasa hivi. Atangaze kwenye kipaza sauti kwamba waliochomwa wasifunge."

"Wazee hawatasikia, daktari. Unawajua."

"Nawajua. Kwa hiyo awaambie na vijana, arudie kila baada ya sala. Wakimwona mzazi amesujudu muda mrefu, wasinyate. Wamguse bega. Asipoinuka, wampake asali ndani ya shavu, sukari ipande, wakuite wewe mbio."

"Tumguse mtu anasali, daktari?"

"Mguseni," Raya alisema kwa ukali. "Mungu atasamehe. Mimi ndiye sitasamehe."