Pale Mkono wa Kushoto Unapoingia

Jumamosi ile Daraja Kavu, soko la vitu vya zamani mjini Tbilisi, lilifurika watu hadi pa kukanyaga hakuna. Vikombe vya zamani, medali za vita, visu, picha za marehemu wa watu wengine, vyote vimetandazwa juu ya mablanketi, na wauzaji nyuma yake wanavunja mbegu za alizeti kwa meno. Tekla alikuwa anatafuta kiti cha piano, kile cha kuzungusha. Alivaa koti refu la rangi ya mvinyo, skafu ya hariri aliyoachiwa na marehemu mama yake, na viatu vya kisigino ambavyo hakuna mwenye akili timamu angevivaa kwenye mawe ya pale. Akajikwaa, akamkanyaga mtu vidole.

Mtu mwenyewe alikuwa amechuchumaa, jaketi jeusi limepauka mabegani. Mkono mmoja kashika kinasa sauti kidogo, mwingine unafungua na kufunga kifuniko cha birika bovu la shaba. Kriii. Kriii.

"Samahani kaka, nimekuumiza?"

"Sana. Lakini usiseme kwanza, narekodi."

"Unarekodi birika?"

"Kifuniko. Birika lenyewe halina sauti."

"Wewe ni mzima kweli?"

"Hata mama yangu ana wasiwasi." Akainuka, akamwangalia kuanzia kisigino hadi skafu, bila haraka. "Naitwa Bachana. Mimi ni prodyuza. Natengeneza muziki wa kompyuta, ule wa klabu."

"Ehee! Na unapiga ala gani?"

"Hakuna."

"Hakuna hata moja? Hata ngoma?"

"Hata filimbi. Nabonyeza tu."

"Basi wewe ni karani, kaka yangu. Mimi nafundisha piano. Baba yangu kafundisha piano maisha yake yote. Bibi yangu alizaliwa chini ya piano."

"Maskini! Hakugonga kichwa?"

Haya, mtu akishakutania hivyo utamfanyaje? Kiti kilipatikana, na Bachana akakibeba begani hadi kwao Tekla, mtaa wa Sololaki, akakipandisha ngazi zote za mbao huku majirani wakichungulia kwenye vibaraza. Mlangoni akaomba namba ya simu, akapewa.

Yakaanza mambo ya simu.

"Umelala?"

"Nimelala, nani huyu anayeniamsha?"

"Karani wako. Nimepata sauti ya lifti inayolia kama wewe ukikasirika."

"Mshenzi wewe. Hebu niisikie."

Walipendana. Nasema wazi, kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu afikiri hawakupendana.

Tatizo lilikuwa Mzee Shalva, baba yake Tekla. Wababa wengine wa Tbilisi wakiletewa mchumba huuliza kazi yake, nyumba yake, ukoo wake. Mzee huyu alikuwa na swali moja: anapiga nini? Tekla alipoulizwa, mezani, kijiko mkononi, ulimi ukamtangulia.

"Piano, baba."

"Vizuri. Aje siku ya kuzaliwa kwangu atupigie."

Ndivyo masomo yalivyoanza. Kila jioni watoto walipoondoka shuleni kwake, Tekla alimkalisha Bachana mbele ya piano na kumfundisha kipande kifupi, wimbo wa kubembelezea mtoto, ambao wanafunzi wake wa miaka minane waliupiga huku wakipiga miayo.

"Vidole hivyo au maboga?"

"Maboga yanakupenda."

"Yaache kunipenda, yakunje. Hivi. Tena!"

Alijifunza kwa jasho, toka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayekariri sala ya lugha asiyoijua. Kulikuwa na mahali katikati ambapo kidole chake hakikufika, basi alisita kidogo kabla ya kuendelea. Hakuacha kusita hapo hata siku moja.

Siku moja Bachana naye akamvalisha hedifoni, akamsikilizisha kazi yake mpya. Tekla akafumba macho. Akataka kulia. Alipovua hedifoni akasema, "Ni nzuri," kama mtu anayesifu uji wa mgonjwa. Kiburi hicho! Ungemgharimu nini ukweli?

"Tekla," Bachana akasema, "nisipojua kupiga, hunipendi?"

"Nakupenda, roho yangu. Lakini baba..."

"Sijamuuliza baba."

Tekla akamshika vidole, akavibusu kimoja kimoja. Jibu hakutoa. Na Bachana hakutaka kitu kingine duniani kutoka kwake ila hilo jibu, tena alitoe mbele za watu.

Siku ya sherehe meza ilijaa hadi sahani zikapandana: mkate wa jibini, kuku wa mchuzi wa jozi zilizosagwa, biringanya, mitungi ya mvinyo. Watu walitoa salamu za glasi kwa amani, kwa marehemu, kwa mzee. Shangazi Lamara, dada wa Mzee Shalva, alivaa dhahabu zake zote. Bachana alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi na mama yake. Aliweka kinasa sauti chake nyuma ya chombo cha maua, kwa sababu alitaka kuihifadhi siku yake ya kwanza ya kupiga mbele za watu. Akakaa, akapiga. Akasita palepale pa kusita, akaendelea, akamaliza. Wakapiga makofi, shangazi akafuta chozi.

"Vizuri," akasema Mzee Shalva. Akaweka glasi chini. "Sasa anzia pale mkono wa kushoto unapoingia."

Mikono ya Bachana ikapanda juu ya piano ikakosa pa kutua. Wimbo ule aliujua kwa kuanzia mwanzo tu. Midomo yake ikawa inahesabu kimyakimya, vidole vinagusa hewa, vinarudi, vinaanza upya. Hakuna aliyetafuna. Mzee alikuwa anangoja kwa upole wa kutisha, kama alivyowangoja wanafunzi wake siku zote.

"Mwanangu, nani amekukaririsha hivi?"

Macho yote yakamgeukia Tekla. Neno lilikuwa moja tu: mimi. Angelisema, baba angenuna, shangazi angeguna, na mvinyo ungezunguka tena. Bachana alikuwa anamtazama yeye tu, hamtazami mtu mwingine mezani.

Tekla akacheka. Kicheko chembamba cha aibu kilichopanda juu na kukatika.

"Aa baba, muache bwana! Huyu si mwanamuziki, anabonyeza vitufe tu. Hata hapo alipofika nashangaa mwenyewe."

Meza nzima ikaangua kicheko. Bachana akafunga piano taratibu, akamshukuru mzee kwa mwaliko, akachukua kinasa sauti chake na koti lake, akatoka bila kuonja kitu.

Mdomo huponza kichwa. Tekla alipiga simu usiku ule, alfajiri, kesho yake. Haikupokelewa. Alienda kwao, mama yake Bachana akamfungulia mlango na kumwambia kwa adabu kwamba mwanawe yuko kazini, ilhali muziki unasikika chumbani. Akaandika ujumbe: nisamehe. Akaandika tena: mpenzi, nitamwambia baba kila kitu. Hakumwambia. Alikuwa anangoja asamehewe kwanza.

Majira yalipogeuka, simu ikaita.

"Tekla." Sauti ile ile, ya taratibu. "Jumapili nina onyesho mchana, uwanja wa kile kiwanda cha nguo cha zamani, kando ya mto. Njoo."

"Umenisamehe?"

"Njoo. Vaa lile gauni la bluu."

Alivaa la bluu. Alitia manukato shingoni na kwenye viganja, akabana nywele, akazibanua, akazibana tena. Njiani alikwishaamua watakavyomwambia baba wakiwa wameshikana mikono.

Jua la saa nane lilikuwa linachoma, na uwanja umejaa vijana wenye nguo nyeusi na miwani myeusi. Bachana alisimama nyuma ya meza yake jukwaani. Alimwona, akainamisha kichwa, akabonyeza.

Ikaanza piano. Ilianzia pale mkono wa kushoto unapoingia. Ikafika pa kusita, ikasita, na ndani ya kusita kule ngoma ikajipenyeza chini, nzito, polepole, hadi miguu ya watu ikaanza yenyewe. Kisha juu yake kikaja kicheko chembamba, kinapanda, kinakatika. Kinapanda, kinakatika. Kila kilipokatika watu waliinua mikono na kupiga kelele za raha. Tekla akashika koo lake mwenyewe.

Tena wimbo ulikuwa mzuri, jamani! Alikuwa na masikio, asingeweza kujidanganya. Hajawahi kusikia kitu kizuri namna ile. Alijipenyeza hadi nyuma ya jukwaa, akamkuta ameshashuka, anakunywa maji.

"Umependeza," Bachana akasema.

"Kicheko hicho ni changu."

"Ni chako. Nimekipandisha kidogo tu."

"Kitoe. Tafadhali, mpenzi wangu."

"Nikikitoa hakibaki kitu. Piano peke yake ni mwanafunzi anakosea."

"Niliona aibu, Bachana. Niliogopa. Umeniita hapa uniumize?"

"Nimekuita uniambie kama ni mzuri. Wewe ndiye fundi. Ni mzuri?"

Alitaka kusema mbaya. Wanja ulikuwa umeshamchuruzika hadi kidevuni.

"Ni mzuri," akasema. "Ni mzuri sana."

"Hilo tu. Ungelisema hivi siku ile ya hedifoni." Akaweka chupa chini. "Uliniuliza napiga nini. Bado sipigi kitu, Tekla. Nachezea tu, na kumchezea mtu nimejifunza mezani kwenu."

Akapanda jukwaani. Hakugeuka. Baada ya Mwaka Mpya akahamia ng'ambo, na wimbo wake ukabaki mjini, kwenye teksi, kwenye saluni, kwenye madirisha ya watu.

Mchana mmoja wa theluji wimbo huo ukaingia hadi jikoni kwa Mzee Shalva, kupitia redio. Alikuwa anakunywa supu. Kijiko kikasimama, kidole chake kikaanza kugonga meza.

"Nyamaza kidogo," akamwambia Tekla, ambaye hakuwa amesema kitu. "Sikia anavyosita hapo. Mtu hasiti hivyo kama hajui anakokwenda. Huyu anapiga, binti yangu. Huyu amekulia kwenye piano."

"Ndiyo, baba."

"Huyo mwanamke anayecheka ananiudhi. Ila bila yeye hauendi." Akasikiliza hadi mwisho, akapangusa masharubu. "Kijana wa namna hii ndiye ungeniletea. Si yule wa vitufe."

"Nilikuletea, baba. Ni yeye."

Mzee akaweka kijiko chini. Supu ikapoa. Hakuwa mtu mbaya, na kosa akiliona alilikubali.

"Basi mpigie," akasema. "Mwambie aje tule naye."

Tekla alikuwa ameshachukua bakuli lake kumwongezea supu ya moto.

"Hapokei, baba."