Aliyeazima Simu ya Willa

Siku ya sita ya safari, Brody Kessler alikula sahani tatu za jibini ya kukaanga, akatapika ndani ya basi, na Maureen Haskell akajua jioni yake imekwisha.

Maureen alikuwa mwalimu wa historia kutoka Duluth, Minnesota, mwanamke wa miaka hamsini na mbili mwenye magoti mabovu. Alikuwa amewaleta Ulaya vijana kumi na wawili kwa wiki mbili za kiangazi, kuanzia Praha mpaka Krakov, na mpaka hapo hakuna hata mmoja aliyelitazama jengo lolote zaidi ya muda wa kulipiga picha. Msimamizi mwenzake alikuwa Dale Petrak, mwalimu wa michezo. Kazi ya Dale ilikuwa kusema, "Watakuwa sawa tu," kisha kuagiza bia nyingine.

Kwa hiyo dawa ya tumbo ya Brody ikawa ya Maureen kuitafuta. Walikuwa wamefikia Zvonica, mji mdogo wa milimani huko Slovakia, na giza lilikuwa limeanza kuingia. Kanuni ya safari ilisema hakuna anayetoka hotelini peke yake. Akamchukua Willa Brandvold, binti wa miaka kumi na sita, kwa sababu tu ndiye aliyekuwa karibu na mlango.

Njiani simu ya Willa iliita mara tatu. Hakuipokea.

"Ni mama," alisema. "Ananipigia kama askari jela."

"Si umpokelee mara moja, roho yake itulie."

"Madam, huyo ukimpa dakika moja anachukua saa nzima."

Maureen hakuwa na nguvu za kubishana. Alimwacha kwenye ngazi za duka la dawa, akaingia ndani. Muuzaji hakuelewa neno hata moja, na Maureen akalazimika kuigiza kutapika mbele ya foleni ya watu wazima wenzake. Alipokuwa akijifuta jasho la aibu, alitupa jicho nje kupitia mlango wa kioo.

Willa alikuwa na mtu.

Mwanamke mrefu. Skafu ya kijivu, koti zito la sufu, katika joto lile... Alikuwa ameiweka simu ya Willa sikioni, lakini hakuwa anazungumza. Mzungumzaji alikuwa Willa, anacheka, anarusha mikono. Na midomo ya yule mwanamke ilikuwa ikicheza pamoja na midomo ya Willa. Neno kwa neno.

Bila sauti.

Maureen alisukuma mlango. Kilichompokea kwanza ni harufu: maziwa yaliyochacha, na ule udongo baridi unaokuwa chini ya jiwe kubwa.

Willa alikuwa peke yake kwenye ngazi.

"Yuko wapi?"

"Amepinda hapo kwenye kona. Anarudi sasa hivi. Ameomba simu asalimie nyumbani kwake."

Kwenye kona hapakuwa na njia. Palikuwa na ukuta wa kanisa, mrefu, usio na mlango wala dirisha. Maureen aliuzunguka mara mbili huku magoti yakimuuma, akimlaani kimoyomoyo yule mwanamke, na Willa, na Brody pamoja na jibini yake.

Usiku ule, kipande kwa kipande, alipata maelezo kwa Willa. Mwanamke alimuuliza jina lake. Akamuuliza nyumbani anamwitaje mama yake, na wanagombana kwa sababu gani. Willa akamweleza yote, maana alikuwa na hasira na alikuwa amepata mtu wa kumsikiliza.

"Alikuwa anaongea kama sisi, Madam. Kama mtu wa Duluth kabisa. Nilidhani naye ni mtalii."

Asubuhi ilipotelea kituo cha polisi. Dereva wa basi, Ondrej, mtu wa huko huko, alikwenda nao kutafsiri. Askari alichapa maelezo kwa kidole kimoja, akikosea, akifuta, akianza upya. Alipofika kwenye habari za yule mwanamke, kidole kikasimama. Akamtazama Willa kwa muda, akasema sentensi moja, kisha akaendelea kuchapa. Ondrej hakuitafsiri. Maureen alimbana barabarani, basi likiwa limeshaondoka.

"Amesema mtoto ni mkubwa mno," Ondrej akajibu bila kugeuka. "Zamani walikuwa wakichukua wachanga."

"Kina nani?"

"Bibi yangu alikuwa akiwaita wanawake wa msituni. Wanakuja mama akiwa hayupo, wanamchukua wako, wanakuachia wa kwao. Unalea, hujui." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Lakini wako yupo. Amekaa kiti cha nyuma, anatafuna. Basi, hamna kitu."

Maureen alimwambia kwamba amepoteza asubuhi nzima na hahitaji kuongezewa hadithi za bibi. Kisha akampigia mama yake Willa, kazi aliyokuwa akiikwepa tangu jana.

Joyce Brandvold alifanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali. Alimlea Willa peke yake, na alikuwa mzazi wa aina ile inayopiga simu shuleni kwa kila jambo. Maureen alijiandaa kutukanwa. Alianza kwa kuomba radhi, akaeleza kwamba simu ya Willa imeibwa.

"Imeibwa vipi?" Joyce akauliza. "Nimetoka kuongea naye sasa hivi."

Maureen alidhani hakusikia vizuri. Joyce akarudia, tena kwa furaha. Willa amempigia kwa simu yake, wameongea saa nzima, jambo ambalo halijatokea tangu mtoto akiwa na miaka kumi. Amemwomba msamaha kwa kila ugomvi wao, mmoja mmoja, bila kusahau hata ule wa viatu.

Maureen akampa Willa simu.

"Mama, ni mimi. Simu yangu imeibwa kweli."

Halafu Joyce akacheka, akaomba arudishiwe mwalimu, akamwambia awakanye watoto waache kumchezea mtu mzima. Sauti ya mwanawe anaijua.

"Na amechoka na safari, maskini," akaongeza. "Ameniomba aje nyumbani mapema. Nimemwambia njoo."

Maureen alieleza mpaka koo likakauka. Alipiga picha ya Willa pale pale kitini, akaituma. Joyce akajibu kwa neno moja: Nzuri. Alimsihi aifunge ile laini. Joyce akamuuliza aifunge kwa nini, wakati ndiyo anayopigiwa na mwanawe.

"Achana naye, Madam," Willa alisema, uso ameugeuzia dirishani. "Anapenda kunihukumu, siku zote yuko hivyo."

Alhamisi iliyofuata walikuwa Krakov, mezani, chakula cha mchana. Simu ya Maureen ikatoa mlio. Ujumbe wa Joyce.

*Willa amefika salama. Asante kwa kumtunza.*

Willa alikuwa amekaa mbele yake, anachagua vitunguu kwenye sahani.

Maureen alimshuku Brody kwanza. Alimnyang'anya simu, akaipekua mbele ya wenzake, hakukuta kitu. "Madam, sasa unanionea," Brody alisema, na safari hii alikuwa na haki. Akampigia Joyce mara kumi na moja. Haikupokelewa. Alimweleza Dale kila kitu tangu mwanzo, na Dale akapangusa povu mdomoni, akamwambia kwamba kila familia ina mambo yake, watamalizana uwanja wa ndege.

Uwanja wa ndege wa Minneapolis wazazi walijaa na maputo. Vijana wakakumbatiwa, wakapakiwa kwenye magari, wakaondoka. Brody aliondoka. Dale aliondoka. Baada ya saa moja alibaki Willa peke yake, amekalia begi lake.

Maureen akapiga. Safari hii simu ilipokelewa mara moja.

"Mwanangu yuko hapa nyumbani," Joyce alisema, sauti kali, ya juu mno. "Ukinipigia tena nawaita polisi."

Na nyuma yake, karibu sana na simu, mtu akauliza kwa upole:

"Nani huyo, mama?"

Willa aliisikia. Alirudi nyuma kama aliyegusa jiko la moto. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Maureen aliendesha gari mpaka Duluth, zaidi ya saa mbili, bila kufungua redio. Alikuwa amejaa hasira, na hasira ilimsaidia kushika usukani. Angebisha ule mlango. Angemweka mtoto mbele ya mama yake, amtazame, amguse, upuuzi uishe. Walifika jua likiwa bado kali. Alimwambia Willa asubiri garini.

Kwenye ngazi za nyumba ile, harufu ikampiga.

Maziwa yaliyochacha. Udongo baridi.

Joyce alifungua mlango wa ndani, akabaki nyuma ya ule wa wavu. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Alitazama juu ya bega la Maureen mpaka barabarani, akamwona aliyekaa garini, na mkono wake ukashika fremu ya mlango kwa nguvu, vidole vikawa vyeupe.

"Nimeshakwambia hakuna mtu wako hapa," alisema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima.

Kisha, chini kabisa, midomo haichezi:

"Mpeleke kwa dada yangu, kule Cloquet. Leo."

"Joyce..."

"Huyu wa ndani hajui kama nimejua wapo wawili. Akijua..."

Ndani, sahani iliwekwa juu ya sahani. Maji ya bomba yakafungwa.

"Mama, unaongea na nani?"

"Muuzaji tu, mwanangu," Joyce akajibu. Machozi yalikuwa yakimteremka bila sauti. Akafunga mlango.

Maureen alirudi garini akiwa hana hasira hata chembe. Alitamani angekuwa nayo. Willa alimuuliza kama mama yake amemwona. Amekuona, Maureen akamjibu, amekuona vizuri sana, na funga mkanda twende.

Alijaribu kufanya kama mtu mwenye akili timamu anavyofanya. Alikwenda polisi. Maofisa wawili wakaenda nyumbani kwa Joyce, wakamkuta mama na binti wanakula, pasipoti imegongwa mihuri yote, kila kitu sawasawa. Walirudi wakimtazama Maureen kwa huruma, wakamshauri apumzike, wiki mbili na watoto wa watu si mchezo. Aliwaonyesha picha za Krakov. Wakasema binti anafanana sana.

Willa akabaki Cloquet kwa mama yake mkubwa, Lorna, mjane mchangamfu aliyeambiwa kwamba mama na mwana wamegombana. Joyce alikuwa akiwapigia kutoka kazini, dakika mbili mbili. Kwa Willa alisema ale, alale, asije. Kwa Maureen alisema zaidi. Yule aliye nyumbani halali usiku. Huwa anakaa pembezoni mwa kitanda cha Joyce, anamsikiliza anavyopumua. Anaosha vyombo, anafagia, hajawahi kumjibu vibaya hata siku moja.

"Mwanzoni alikuwa ananiuliza habari za Willa," Joyce alinong'ona mara ya mwisho, mashine za kufulia zikinguruma nyuma yake. "Alipokuwa mdogo, alipenda nini. Siku hizi haniulizi tena habari zake. Ananiuliza zangu."

Halafu wiki mbili zikapita bila simu.

Shule zilikuwa zimefunguliwa. Ijumaa moja, vipindi vimekwisha, Lorna akampigia Maureen kwa furaha. Joyce amepiga asubuhi, kutoka nyumbani, wameongea na Willa mpaka mtoto akalia. Ugomvi umekwisha. Amesema yule mgeni aliyekuwa akimsumbua ameshaondoka, Willa arudi.

"Mgeni gani huyo, Mwalimu? Mbona hamkuniambia?"

Maureen alimwambia asimruhusu Willa kutoka. Alisema kwamba atakuja kumchukua mwenyewe, na kwamba kwanza anapita hospitalini. Aliendesha kwa kasi ambayo hakuwahi kuendesha maishani. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, chenye mvuke na kelele. Alimtafuta msimamizi, akaomba kumwona Joyce Brandvold.

"Joyce ameacha kazi," yule msimamizi alisema. "Yapata wiki mbili sasa."

"Alikuja kuaga?"

"Alipiga simu tu. Tena alikuwa na furaha, sijawahi kumsikia hivyo. Aliuliza habari za kila mmoja wetu, kwa jina."

Maureen alitoka nje kutafuta mtandao. Lorna alichelewa kupokea.

"Usimwache atoke," Maureen alisema. "Mfungie mlango, mimi nipo njiani."

"Mbona ameshakwenda," Lorna akajibu. "Mama yake kaja, kaita hapo nje, na mtoto akakimbia hata viatu hakufunga. Sikuweza kumzuia."

"Lorna, nisikilize. Ulimwona Joyce? Ulimwona uso?"

Maureen akasikia saa ya ukutani ya nyumba ile ikigonga.

"Nilikuwa jikoni," Lorna alisema mwishowe. "Nilisikia sauti yake."