Kikombe cha Rispah

KUH: KUPUNGUA KWA PRESHA YA MAJI BAADA YA UWEKAJI WA PAMPU, BOMA LA BW. WANGILA, TONGAREN.

Ndivyo katibu wa kamati ya visima alivyoandika juu ya faili, akapiga mhuri mara mbili kwa sababu mara ya kwanza wino ulikuwa umekauka. Fomu iliuliza kina cha kisima, aina ya pampu na rangi ya tangi. Haikuuliza kwa nini maji yalimkataa mtu mmoja tu.

Mtu huyo alikuwa Nabwile. Mumewe, Wangila, akifungua mfereji wa jikoni, maji yalitoka kwa nguvu ya kuvunja sahani. Nabwile akiugusa, yalidondoka matone matatu, kisha ikafuata pumzi ndefu ya mtu aliyechoshwa na mgeni.

"Ni hewa, mama," alisema Kipyegon, fundi aliyetoka Kitale na pikipiki yake. Akabadilisha vali, akakaza swichi ya pampu, akatazama geji ya presha. Wangila akafungua: arobaini. Nabwile akafungua: sindano ikalala kwenye sifuri.

Kipyegon akaigonga kwa kidole. "Na hii geji ni mpya, bana."

"Si geji," Nabwile akanong'ona. "Unasikia hiyo harufu?"

"Mafuta ya nazi. Si ni wewe umejipaka?"

"Mimi sijipaki. Ni ya marehemu."

Marehemu alikuwa Rispah, mke wa kwanza wa Wangila, aliyechota maji ya kisima hicho kwa kamba miaka kumi na miwili. Siku ya kunyoa, baada ya matanga, ndugu walipogawa vitu vyake, kikombe chake cha bati chenye waridi alipewa Wangila mbele ya watu wote. Kila asubuhi alikinywea, akasema, "Maji ya Rispah yalikuwa na utamu wake." Alimwambia hivyo Nabwile, aliyekuwa ameyachota na kuyachemsha yeye mwenyewe.

Nabwile alivumilia mwaka mzima. Siku moja kabla ya mafundi wa pampu kukifunika kisima kwa zege, alikitupa kikombe humo ndani, kisha akamwambia mumewe, "Mafundi hawa wana mikono mirefu."

Tangu hapo Wangila ndiye aliyemkingia maji, akisimama kwenye mfereji huku akitabasamu peke yake, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alasiri moja, nyumba ikiwa tupu, Nabwile alifungua mfereji kwa hasira, na badala ya maji akasikia bati likigonga jiwe, mbali, chini kisimani, kisha karibu zaidi, ndani ya bomba, likipita chini ya shamba la mahindi na chini ya veranda na kupanda ukutani kwa utaratibu wa mtu anayepanda ngazi na mzigo, mpaka harufu ya nazi ikamjaa kooni na sauti ikasema polepole kutoka kwenye mdomo wa mfereji, "Umenirudishia kikombe. Sasa nipe anayekinywea."

Alimkimbilia Wangila shambani, Kipyegon, aliyerudi kukagua pampu, akiwa hapo hapo anaandika ripoti.

"Ni mimi nilikitupa. Usinywe hayo maji, baba! Anakutaka wewe."

"Wivu kwa mfu, Nabwile?"

"Mfu ana maji. Mimi sina."

Zege likavunjwa. Pampu ikavutwa juu, na kwenye waya wake kikombe kilikuwa kinaning'inia, kimejaa hadi ukingoni, bila kumwaga tone.

"Mimi nilisomea bomba," Kipyegon akasema chinichini. "Hii hawakutufundisha." Kwenye ripoti akaandika: *Kasoro: chombo cha nyumbani ndani ya kisima. Imetatuliwa.* Katibu akapiga mhuri mara moja tu.

Wangila alinyoosha mkono akipokee. Nabwile akamwahi. Hata sasa hakuweza kumwona mumewe akionja utamu wa mwanamke mwingine, basi akakinywa chote yeye, mpaka chini.

Jioni hiyo mfereji ulimtolea maji kwa nguvu.

Yaliyofuata hayamo kwenye faili. Asubuhi Wangila aliita, kwa kusahau, "Rispah!" Nabwile akaitika.