Chavua Kwenye Godoro

Siku ile mjinga alikuwa fundi magodoro mwenyewe, na hata yeye hakatai. Alikuwa uani na jembe, jasho linamchuruzika, aking'oa mawaridi ya mkewe.

"Binti yangu hapumui, halafu mimi nibembeleze maua?" alifoka. Miche mitatu ilikuwa chini tayari.

Mkewe alishika kiuno. "Ng'oa na ukuta basi. Nao uko karibu na dirisha lake."

Wiki mbili binti yao alikuwa akipiga chafya, kifua kikimlia filimbi. Shule haendi, na mtihani wa mwisho ulikuwa mwezi ujao.

Kelele zilimvuta jirani yao. Mtaani walimwita Mama Hadubini, kwa kuwa kazi yake chuoni ni kutazama chavua, ule unga wa maua, kwa hadubini. Huichambua hata ya kwenye tope la ziwani, ajue zamani paliota miti gani.

"Shemeji, tua jembe. Nani kakwambia ni mawaridi?"

"Si yananukia!"

"Harufu si chavua. Ngoja nikupimie hewa."

Alipaka mafuta mazito vipande viwili vya kioo, vinase chavua. Kimoja alikiweka penye mawaridi. Cha pili alikiweka kwenye ukuta wa nyuma, ambapo kila asubuhi fundi aliegemeza godoro la binti yake, kando ya kiwanja cha nyasi ndefu. "Godoro lisiloota jua ni gunia," ndivyo alivyojisifu.

Kesho yake Mama Hadubini alimwita achungulie.

"Penye mawaridi, chembe mbili za waridi. Penye godoro, mia mbili na kumi na nne, karibu zote za nyasi."

"Kumbe nyasi nazo zina maua?"

"Zinayo, ila hazijirembi. Chavua ya waridi ni nzito, inanata, hubebwa na nyuki. Ya nyasi ni nyepesi, hupanda upepo bila nauli."

"Kwa hiyo mimi kila asubuhi..."

"Unaikusanya kwenye godoro, kisha unamtandikia mtoto."

Fundi alitafuta kiti.

"Lakini mimi nahesabu chavua tu," jirani aliongeza. "Mzio hupimwa na daktari."

Daktari alimpima binti, akathibitisha mzio wa nyasi. Alimpa dawa ya kuvuta na kumwonyesha jinsi ya kuitumia. Fundi alifyeka kiwanja, na akawa anakifyeka kila nyasi zikikaribia kutoa maua. Godoro lilibaki ndani. Asubuhi za upepo walifunga madirisha. Mawaridi aliyapanda upya kwa mikono yake, mkewe akisimamia kama mkaguzi.

Baada ya wiki mbili, binti alikuwa akienda shule mbio. Basi fundi akavimba kichwa tena.

"Amepona! Godoro litoke nje."

"Halitoki," alisema mkewe.

"Miaka ishirini nashona magodoro! Hapa nani fundi?"

Binti aliinua macho kutoka kwenye daftari.

"Fundi ni wewe, baba. Lakini mapafu ni yangu."