Ukuta wa Mama Mkwe

Haya yalimkuta shoga yangu, fundi wa mapazia, na sijatia chumvi hata punje.

Kwa wakwe alijulikana kama mtoto wa pekee wa mwalimu, aliyelelewa kama yai. Hata mumewe aliamini hivyo. Kumbe utotoni alikuwa na mdogo wake wa kike, na baba wa kambo aliyewafungia stoo mbili zilizopakana, giza totoro. Waligongeana ukutani: mara mbili, kimya, kisha mara moja. Maana yake, "Bado niko macho." Asubuhi moja mdogo wake hakugonga. Shoga yangu alitoroka, akabadili jina, akafunga mdomo.

Juzi mama mkwe kahamia ghorofani, akamwita amfungie mapazia. Kabla ya kutoboa, shoga yangu aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kama mafundi wote, asikilize palipo na uwazi ndani.

Ko, ko.

Ukuta ukajibu. Ko, ko. Kimya. Ko.

Drili ikamponyoka.

"Mama, nyuma ya ukuta huu kuna chumba gani?"

"Chumba?" Mama mkwe akacheka. "Hapo ni nje, mwanangu, labda wakae ndege!"

Akasogea, akabandika sikio ukutani. Kicheko kikamkauka. Alisikiliza kwa muda, mkono kifuani, kisha akamgeukia mkwewe.

"Humu kuna mtoto," akanong'ona. "Anauliza kama dada yake bado yuko macho."